Daftari Mbili za Mukonyeza

Beni, tarehe 6 mwezi wa sita 2024

Mwalimu Emérence,

Salamu ya hapa kwetu. Rachida iko muzuri, batoto bako muzuri, mimi niko na hasira.

Barua yako ya tarehe 29 imefika jana. Siku saba kwa njia ya kilometa hamsini na ine. Mutu mwenye kubeba ndizi ku kichwa angeipita. Nilimuuliza Sadrack, mwenye anaendesha taxi-bus, kama anazungusha barua zako kwanza ku Kisangani. Alisema: "Papa Ibrahim, mukwe wa Mwalimu, Jemima, ananipa barua asubuhi, saa sita iko kwako." Donc kuchelewa kunatoka ku nyumba yako, Mwalimu, unisamehe kukuambia ile.

Tulipatana nini mwezi wa ine? Wewe unaangalia ukiwa Vulamba, kule Butembo, mimi ninaangalia hapa. Mukonyeza, ile taa ya angani yenye tuliipatia jina, anapita, anawaka, kila mutu anaandika: saa gani, karibu na nyota gani, vidole ngapi kutoka ile nyota, mukono ukiwa umenyooshwa. Asubuhi yake unafunga bahasha, unatuma, mbele hujaona ya mwenzako. Si kwa simu, juu kwa simu utasikia namba yangu mu sauti yangu, na yako itaanza kuifuata. Wewe njo ulinifundishaka ile mu darasa ya fizikia, na ulikuwa na fimbo. Sasa namba zako zinafika kila mara nyuma ya zangu, kama mukia wa mbuzi.

Lakini kazi yenyewe ni tamu, siwezi kudanganya. Nilikaa na Rachida ku meza nikamueleza: hii ni kichwa ya roketi ya zamani, kazi yake iliisha, hakuna mwenye anaiongoza, inapinduka-pinduka tu kule juu. Kila ikigeuzia jua ubavu wake, inawaka. Mimi ninaona ule mwako pa nyota fulani, Mwalimu, kule Butembo, anauona pembeni kidogo, juu yeye iko pengine. Ule utofauti kidogo njo unatuambia iko mbali kiasi gani. Rachida aliniuliza kama ile itarudisha gari yetu. Nikarudi ku hesabu yangu.

Nimechukua miako kumi na ine, yangu na yako, nikahesabu usiku mbili. Inatoka kilometa 910. Orodha ya ku internet, ya vitu vyenye vinazunguka kule juu, inasema mia tisa na kitu. Mwalimu, mimi dereva wa kamyo na wewe mwenye pension haifiki, kwa vidole vyetu, tumepima kitu chenye hata rubani hafikii. Nimeambia batu ku musikiti. Basi usiniharibie kwa uvivu wa posta.

Mwanafunzi wako,
Ibrahim


Butembo, Vulamba, 14 Juni 2024

Ibrahim, mwanangu,

Nimesoma kelele zako. Wanafunzi wa wakati wetu hawakuwaandikia walimu hivyo, hata wale waliofanikiwa.

Nina miaka sitini na nne. Jioni ni saa ya kupika, ya rozari, ya mgonjwa, ya majirani wanaoingia bila kubisha. Na juu ya hayo yote nitoke nje, ninyooshe mkono gizani nikipima vidole kama mtu anayemkataza jirani kwa mbali. Jemima anaamini nimeanza kuchanganyikiwa. Kama bahasha zinachelewa, shukuru kwamba zinafika.

Namba zako hizi hapa. Tarehe 7, saa moja kasoro dakika nane za jioni, mwako mkubwa kuliko yote: vidole viwili na nusu mashariki ya nyota ya chini ya Msalaba wa Kusini. Tarehe 10, saa moja kasoro dakika mbili: kidole kimoja, upande uleule. Tarehe 12 pia nimeona, imeandikwa nyuma ya karatasi. Muda kati ya mwako na mwako ni sekunde tisa, kama wako.

Jambo lingine, na hili nalisema kama mwalimu. Usitangaze. Watu wa Beni wamechoka, na mtu aliyechoka hapendi kuelezwa anga. Hesabu yetu ni ya daftari. Iache mle.

Umsalimu Rachida. Mwambie chai ya Masereka nitamletea.

Emérence


Beni, tarehe 20 mwezi wa sita 2024

Mwalimu,

Ushauri wako ulifika na kuchelewa, kama vile vyako vyote. Nilikuwa nimeshatangaza.

Sikiliza yenye ilitokea. Kumi na tatu ya mwezi, siku ya ine, ni kusema alhamisi, jua lilikuwa limetoka kuzama, nimemaliza sala ya Magharibi, niko ku barabara. Batu banarudi mu mashamba, bamama ba soko banafunga vitu. Mukonyeza akatokea upande wa Oicha. Unajua kila jambo baya letu, bunduki na moto, linatokeaka upande ule. Anakuja polepole, anawaka, anazimika, anawaka. Mutu mumoja akasema ni drone. Mwengine akasema drone ya nani. Pale pale ikawa mbio. Mama moja aliacha beseni ya maharage, kanisa ya pembeni yetu ilitoka yote na kwaya yake, muzee mumoja akaanguka mu mufereji akaumia mukono. Juu ya kipande cha chuma kizee chenye hakimujue mutu.

Mwalimu, ningenyamaza? Nilipanda juu ya kasha la limonade. Nikasema: "Simameni, hii hapana drone, hii ni roketi iliyokufa, mimi ninaijua. Jumamosi, siku ya posho, itarudi, saa moja kasoro dakika tano, itatokea juu ya nyumba ya Papa Kitsa, na itawaka kila sekunde tisa. Kama siyo vile, muniite mwongo."

Siku ya posho batu bakasimama mu avenue kama banangoja mwili wa marehemu. Saa moja kasoro dakika tano, juu ya paa ya Papa Kitsa, pap. Sekunde tisa, pap. Niliwahesabia kwa sauti. Nilifika kumi na moja.

Papa Kitsa, mwenye iko chef wa avenue yetu, alikuja akasimama karibu sana. Akaniuliza: "Na wewe ulijua namna gani?"

Nilimuambia: "Nina daftari." Nikamuonyesha, na barua zako zote ndani. Alizishika muda murefu. Nilisikia vizuri mu moyo, Mwalimu. Tangu mwaka jana hakuna mutu ameniuliza kitu nikiwa na jibu.

Tuma za wiki hii. Kwa wakati.

Ibrahim


Beni, 25 mwezi wa sita 2024

Kwa Mama Emérence,

Mimi ni Rachida, bibi ya Ibrahim. Hapana mutu wa barua, lakini ile simu ya nyumba balienda nayo.

Nyota yenu imefunga bwana yangu.

Balikuja ijumaa. Kwanza vijana ba avenue, bale bale balikimbia na maharage ya batu, nyuma yabo basoda babili na bunduki. Banasema: mutu mwenye anajua saa ya ile taa, anajuaka na benye taa. Ibrahim akaanza kubafundisha. Mama, balikuwa banamushika mukono na yeye anaendelea kueleza jua linapigaka ubavu wa roketi namna gani. Nikamuambia: "Baba Mapenzi, nyamaza." Akaniambia: "Balikosea kidogo tu, ngoja nibaonyeshe." Njo akabapa daftari kwa mukono wake.

Sasa iko mu chumba ya nyuma ya bureau moja ya basoda, siku ya ine. Hawamupigi, niliona. Ninamupelekea chakula. Kapiteni wa pale aliniita, akaweka barua zako na daftari ya Ibrahim ku meza, moja pembeni ya ingine. Akasema:

"Mama, mimi nilikuwa artillerie, mu mizinga mikubwa, miaka kumi na mbili. Batu babili bakipima kitu kimoja, habapatane vile. Hata mimi nikipima mara mbili, sipatane na mimi mwenyewe. Hawa babili, ukitoa ule utofauti wa mahali, banapatana kila mara, kwa nusu ya kidole. Hii hapana kupima. Hii ni kuambiana. Na batu babili, moja Beni moja Butembo, banaambiana namba na saa ya nini?"

Nilipotoka nikakutana na Sadrack ku parking. Nikamuambia ile neno. Akaangalia chini, akasema: "Mama Rachida, Mwalimu hayuko Butembo. Toka mwezi wa tano iko Masereka kwa mama yake. Jemima anatumaka barua za Papa Ibrahim kule na pikipiki, njo maana zinachelewa."

Mama, nimekumbuka Masereka. Nilienda kule kwa matanga moja. Mwezi wa sita ukungu unakaa mulangoni kama mbuzi, hauoni hata jiko ya jirani. Wewe unaonaka nyota gani?

Mimi njo nilikuomba. Mwezi wa kwanza nilikupigia simu, nikalia, nikakuambia: tangu gari ilichomwa ku njia ya Kasindi, na mudogo wake Daudi ndani, Ibrahim anakaa tu ku kiti. Hali, hasemi, hatengenezi hata mulango. Nikasema, wewe ulimufundishaka, umupatie kitu. Ukamupatia kile. Akaamuka. Nilikushukuru mu sala zangu zote. Lakini nilikuomba umupatie kampani. Sikuomba umupatie namba za uongo.

Sijamuambia. Wala kapiteni. Ninakuachia wewe.

Rachida


Masereka, 28 Juni 2024

Kwa Bwana Kapiteni,

Mimi ninaitwa Emérence, mwalimu wa zamani wa fizikia katika sekondari moja ya Butembo, miaka thelathini na moja ya kazi. Barua zilizo mezani kwako zenye jina langu ni zangu. Mwandiko ni wangu, sahihi ni yangu. Namba si za kweli.

Tangu tarehe 11 Mei sijalala Butembo hata siku moja. Niko Masereka, ninamuuguza mama yangu, Kahongya, mwenye miaka themanini na minane. Muuguzi wa kituo cha afya anatuona kila Jumatatu na anaandika kwenye fishi ya mgonjwa, na padri anamletea mama komunyo. Utume mtu awaulize wote wawili. Kwa majuma saba anga la hapa limefungwa. Nimeona mwezi mara mbili, na nyota sijaona.

Kila barua ya Ibrahim ilipofika, niliifungua kwanza. Nilichukua namba yake, nikachukua umbali ulioandikwa kwenye orodha ya internet, nikahesabu nyuma: kama kitu kile kingekuwa pale na mimi ningekuwa Vulamba, ningeona vidole vingapi? Kisha nikaandika hivyo vidole kana kwamba nimeviona. Niliongeza kosa dogo hapa na pale ili ipendeze. Umekuwa mpimaji mzuri kuliko mimi, Bwana Kapiteni, maana uliona kwamba kosa langu lilikuwa dogo mno.

Ibrahim hajui. Yeye alisimama nje kila jioni na akaandika alichokiona. Kujua saa ya kupita kwa kitu kile si siri; kila mwenye simu na subira anaweza kuipata, na mimi niko tayari kuja kukuonyesha. Yeye ni dereva aliyepoteza gari na ndugu. Kosa la ule upatano ni langu peke yangu, na si la kivita. Ni la mwalimu aliyedanganya mwanafunzi wake.

Barua hii inaletwa na mkwe wangu Jemima kwa mkono wake. Uisome mbele ya Ibrahim ukipenda.

Emérence


Beni, 3 mwezi wa saba 2024

Mama Emérence,

Bamemuachia. Nilisema nikuambie kwanza ile, nyuma yake nikugombeze.

Jemima alifika na vumbi mpaka mu meno. Kapiteni alisoma barua yako mara ya kwanza, akasoma tena. Akatuma mutu kuuliza kule Masereka, siku tatu zikapita. Jana aliniita mimi na Ibrahim.

Akasema: "Mwalimu mwenye aliiba jibu. Mimi nilifikiri nimepata réseau ya adui, kumbe nimepata tricherie ya mutihani." Akacheka mpaka akavua kofia. Basoda bakacheka juu yeye alicheka. Mimi pia nilitaka kucheka, moyo ulikuwa umechoka kuogopa.

Ibrahim hakucheka. Alisema: "Muniletee ile barua niisome mimi mwenyewe." Akasoma akisimama. Alipomaliza akaikunja vizuri, kama karatasi ya douane ya ku mupaka, akamurudishia kapiteni, akasema asante.

Kapiteni alimuambia: "Muzee, daftari yako unaweza kwenda nayo. Lakini ukijua tena kitu kitapita, pitia hapa kwanza, utuambie. Na mu avenue usipande tena juu ya kasha."

Kutoka pale alitembea mbele yangu mpaka nyumbani. Papa Kitsa alikuwa anasimama ku mulango wake, akasema "karibu nyumbani." Ibrahim akamujibu salamu, hakuongeza. Leo ni siku ya pili. Amekaa ku kile kiti chake cha zamani, Mama. Kile kile. Daftari iko juu ya magoti, imefungwa.

Minajua ulimutoa. Minajua pia wewe njo ulimuingiza. Nimekasirika na wewe, nimekasirika na yeye, na ile kitu ya juu yenye inapita jioni kama haijafanya kitu, nayo nimeikasirikia.

Uandike. Lakini siyo kwangu.

Rachida


Beni, tarehe 16 mwezi wa saba 2024

Mwalimu,

Nimepata barua zako tatu. Sikuzijibu juu sikutaka kukutukana, na bado sijamaliza kutotaka.

Unasema ulifanya kwa huruma. Ninajua. Njo chenye kinaniumiza.

Ulikuwa na haki ya kuniandikia: "Ibrahim, mama anaugua, niko Masereka, sioni kitu." Maneno saba. Ningekasirika siku moja. Ningekutumia dawa na Sadrack. Ningeendelea kupima peke yangu, au ningengoja. Mwaka 1995 niliiga namba za mwenzangu Mathe mu ile kazi ya kamba na jiwe, ukaniweka sifuri mbele ya darasa nzima, na nikakubali, juu nilikuwa nimeiba. Sasa mimi nikuweke nini?

Nitakuambia kitu chenye sijamuambia Rachida. Gari ilipoungua, kila mutu alikuja na habari ya Daudi. Moja akasema hakuteseka. Mwengine akasema alikufa mara moja, kwa risasi, kabla ya moto. Mwengine akasema alikuwa analala. Imamu alisema uso wake ulikuwa na amani. Mwalimu, mimi nilimuona. Nilimutoa pale. Najua uso ulikuwa na nini. Na kila mutu anapokuja na maneno yake malaini, ninasema asante, na ninabaki peke yangu na chenye niliona, juu wote wamekataa kukiona na mimi.

Njo maana nilipenda ile kazi. Nilisema: hapa mutu hawezi kunipunguzia. Kule juu hakuna mwenye ananihurumia. Chuma kinawaka pale kinawaka, kikipotea kimepotea. Na mutu moja, Butembo, anaona chenye ninaona, bila kukipaka sukari.

Kumbe na wewe pia ulikuwa umeleta sukari.

Nimechukua wembe, nimekata mistari yako yote. Yangu imebaki, lakini nusu ya kipimo si kipimo. Ile 910 nimeifuta. Ku musikiti nimesema nilikosea.

Pole na mama. Ile ninasema kwa kweli.

Ibrahim


Masereka, 5 Agosti 2024

Ibrahim,

Sifuri uliyoniwekea nimeipokea. Sitakuandikia tena kuhusu sababu zangu. Kila nikizisoma zinageuka kuwa utetezi.

Nilifikiri mtu aliyeumia apewe kitu kisichokataa, kinachosema ndiyo kila mara. Miaka thelathini na moja darasani, na bado sikujua kwamba wewe ulikuwa unatafuta kitu kinachokataa. Nisamehe hilo, kama hutasamehe namba.

Ninakutumia ukurasa mmoja. Fanya nao unavyotaka.

Tarehe 20 Julai: ukungu.
Tarehe 22: ukungu.
Tarehe 23: ukungu, na mvua ndogo.
Tarehe 25: anga wazi upande mmoja. Nilikuwa ninamnywesha mama uji, akakataa, tukagombana, nikatoka nimechelewa. Sikuona kitu.
Tarehe 28: ukungu.
Tarehe 30: mawingu. Niliona mwanga mmoja, nadhani ilikuwa ndege. Siandiki.
Tarehe 31: ukungu.

Tarehe 2 Agosti, ijumaa, upepo ulifagia. Mama alisema amechoka na ukuta, atolewe nje. Victoire, jirani yetu, alinisaidia kumbeba pamoja na kiti chake, tukamfunika blanketi mbili. Alilalamika kwamba tunambeba kama gunia la viazi. Nikamwambia anyamaze, nina kazi. Nikanyoosha mkono.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Mtu ambaye hatofautishi tena sura yangu na ya Victoire. Akasema kwa Kinande kwamba kule kuna mtu anafungua na kufunga mlango. Nikatazama. Mukonyeza alikuwa kweli kule, juu ya mlima, akiwaka.

Mkono ulitetemeka, kwa baridi na kwa mambo mengine. Saa yangu imetofautiana na ya redio kwa sekunde kama kumi, sijui mbele au nyuma. Mwako mkubwa ulikuwa saa moja kasoro dakika sita, na kitu. Nilipima kutoka Antares, ile nyekundu ya moyo wa Nge: vidole vitatu kuelekea kaskazini. Labda vitatu na nusu. Victoire alipima pia, akapata viwili, lakini mkono wake ni mkubwa kuliko wangu.

Hiyo ni moja. Ni yote niliyonayo. Imepimwa Masereka na si Vulamba, kwa hiyo umbali kati yetu umebadilika, utahesabu upya. Niliiandika asubuhi ya tarehe 3, Victoire shahidi, lakini pikipiki ya kuteremka imepatikana leo tu. Sijui kama wewe ulitoka nje siku hiyo. Sitauliza.

Emérence


Beni, tarehe 12 mwezi wa nane 2024

Mwalimu,

Nilitoka. Si kwa ajili yako. Rachida alinifukuza ku kiti, alisema amechoka kufagia kunizunguka kama nguzo. Nilipitia kwanza ku bureau, nikaambia basoda saa itakayopita, kama nilivyoambiwa. Kapiteni mwenyewe alitoka akaja kusimama mu uwanja wetu, mikono nyuma. Papa Kitsa naye akaja. Akaniomba anishikie taa. Nikamuambia taa haitakiwe, lakini anaweza kusimama.

Rachida alishika saa. Nilimuambia akisikia "pap" aseme sekunde. Alisema vizuri mara ine, ya tano akaanza kubishana na mimi kama ilikuwa mwako au macho yangu. Alihesabu miako kumi na mbili, mimi kumi na moja. Kapiteni alihesabu kumi. Tumeandika zote tatu.

Mwako mukubwa: saa moja kasoro dakika sita na sekunde ishirini. Kutoka ile nyekundu ya Nge, kidole kimoja na nusu kuelekea kaskazini. Niliandika, nikafunga. Bahasha yako ilifika juzi. Nimeifungua mbele ya Rachida, ili aone kama mihuri haijaguswa.

Kutoka hapa mpaka Masereka nimepima ku carte: karibu kilometa sabini, kama ndege inavyoruka. Utofauti wetu ni kidole kimoja na nusu. Ungepaswa kuwa karibu tatu. Nimehesabu mara tatu, Rachida akahesabu ya ine na mashini ya duka, anafikiri siwezi kugawanya.

Inatoka kilometa 1,670.

Orodha inasema mia tisa. Donc kwa vidole vyako vyenye kutetemeka, na saa yako yenye haijui kama iko mbele au nyuma, na macho yangu, tumemutupa Mukonyeza karibu mara mbili ya pale anakaa. Ningekuwa mwalimu ningetupa hii karatasi. Tengeneza ile saa. Mwambie Victoire mutu anapima na mukono wake mwenyewe, siku zote uleule. Na umupatie mama Kahongya hii dawa ya kikohozi yenye Rachida ametuma, vijiko viwili, asubuhi na jioni, hata akigomba.

Nimekaa na ile namba usiku kucha. Ni mbaya, na hakuna mutu ameipunguza. Nimeiandika kwa bic, yenye haifutike.

Ibrahim